Keki za Pumba na Kakao

Siku hizi wake za wanangu wananifundisha kwamba pumba zina afya. Wanazinunua dukani zikiwa kwenye pakiti yenye picha ya shamba, wanachanganya na kakao, wanaoka vikeki, halafu wananiletea kimoja kwenye kisahani na kuniambia, "Mama, onja, hii ni nzuri kwa mwili." Naonja. Kisha nawaambia kwamba kikeki chao ni kikavu, kwamba pumba zao zimekaa mno, na kwamba mimi nilivioka hivyo Kisangani kabla mama zao hawajaolewa. Wanacheka, wanadhani bibi anajisifu. Kujisifu najisifu, sikatai, lakini sisemi uongo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru haujaja. Tulikaa upande wa Tshopo, mimi, mume wangu na mtoto wetu wa kwanza, msichana aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni. Mume wangu alitoka Maniema kama mimi. Alisoma kwa mapadri, mwandiko wake ulikuwa wa kutazamwa, akapata kazi ya ukarani mjini, katika ofisi iliyokuwa ghorofani. Kila asubuhi alivaa shati jeupe. Shati hilo nililifua mimi na kulipiga pasi ya makala, yaani makaa, mimi, na ole wake mtu aliyetwanga karibu na kamba yangu ya nguo. Tuliitana Papa na Mama, kwa heshima ya mtoto.

Karani wa siku zile alikula wali mweupe. Jambo hilo halikuandikwa popote, ila kila mtu alilijua. Wali mwekundu, wa mchele usiotwangwa sana, ulikuwa wa vibarua wa posho na wa wafungwa. Na mimi, nisiwadanganye, nilikuwa na kiburi cha wali wangu kumshinda mume wangu. Nilinunua mpunga mzima sokoni. Nilitwanga mara ya kwanza makapi yatoke, mara ya pili pumba zitoke, na mara ya tatu kwa ajili ya sifa tu. Halafu nikauosha mchele mara tatu, mpaka maji yawe kama ya kunywa. Wanawake wa jirani walipita wakichungulia sufuria yangu, nami nilichelewesha kufunika ili waone vizuri. Pumba niliwamwagia mabata. Nilikuwa na mabata saba, wote wamenona.

Ugonjwa ulianza kwenye nyayo za mume wangu. Alisema anasikia ganzi, pengine viatu vinambana. Tukatafuta viatu vikubwa zaidi. Baadaye magoti yakaanza kukataa. Alipokuwa akipanda ngazi za ofisi alisimama katikati na kujifanya anasoma karatasi, kumbe anapumzika. Haya aliniambia baadaye sana. Wakati ule alinificha. Mimi nilijua siku ile alipoanguka uani akitoka kuoga. Alibaki amekaa kwenye matope, taulo mabegani, akaniambia niende zangu nisimwangalie. Sikwenda. Nilimnyanyua kwa makwapa, mtoto akiwa mgongoni kwangu, na nikasikia uzito wote uko juu tu, chini hakuna kitu. Niliogopa siku ile kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Alilazwa, akachomwa sindano kadhaa, akapata nafuu, akarudi nyumbani akitembea. Nikampikia wali mweupe wa kumpongeza. Miezi haikupita mingi miguu ikalala tena. Safari hii ofisi ilimpa likizo ya ugonjwa, akawa anakaa kwenye kiti barazani, blanketi magotini, saa nne ya asubuhi, katika joto lile letu.

Ndipo akaja nyumbani muuguzi mmoja wa hospitali, mzee wa watu wa mto, mzaliwa wa upande wa Yanonge. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliinama, akabonyeza muundi wa mume wangu kwa kidole gumba, shimo likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Akamgonga chini ya goti kwa ukingo wa kiganja. Mguu haukuruka.

"Papa, unakula nini?"

"Wali na samaki," mume wangu alijibu. "Wali safi. Mama huyu anajua wali."

Muuguzi akaomba kuona jiko langu. Nikampeleka huku nimejaa fahari. Akatazama mchele, akauchukua kidogo mkononi, akaurudisha. Kisha akatazama nje, mahali mabata walipokuwa wanagombania pumba za asubuhi.

"Mama," akasema, "miguu ya bwana yako iko pale. Mabata ndio wanaikula."

Nilicheka nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Akanieleza taratibu kwamba nguvu ya mchele imo kwenye ngozi yake, na kwamba mimi naitwanga ikatoka, halafu kidogo kinachobaki nakiosha na kukimwaga. "Nitamuchoma sindano, atasimama. Utamupa sahani yako, ataanguka. Sasa ugonjwa iko kwenye miguu. Siku itafika kwa moyo, usikuje kuniita mimi. Ita padri."

Nilikasirika. Kwanza nilimkasirikia yeye, kwa kuingia jikoni kwangu na kunitukana mbele ya kinu changu. Alipoondoka niliwakasirikia mabata, nikawafukuza na mwiko. Halafu nikakaa juu ya kibao changu, na hakukuwa tena na mtu wa kukasirikiwa isipokuwa mimi mwenyewe.

Muuguzi alikuwa ameyasema hayo kwa mume wangu pia: ale pumba, ale wali usiokobolewa sana, ale maharage. Mbele ya mgeni aliitika "ndiyo, ndiyo" kwa adabu zote. Mgeni alipovuka tu mlango wa ua, akanigeukia.

"Mimi nikule chakula ya mabata? Nilisoma miaka yote ile, donc, basi, nikule pumba?"

Nikampikia wali mwekundu. Akausukuma. Nikampikia tena kesho yake, akala mkate mweupe na chai, siku tatu mfululizo, akitazama ukuta. Nilitaka kumwingizia kwa nguvu kama mtoto anayekataa dawa. Lakini mtu mzima, tena karani, utamshika pua vipi?

Nikafikiri. Mume wangu alikuwa na udhaifu mmoja niliokuwa naujua vizuri: kitu chochote ambacho Wazungu walikula na chai yao ya alasiri, yeye alikiona ni chakula cha mtu aliyefika. Na mimi nilikuwa nimejifunza kuoka. Mara mbili kwa wiki wake za makarani tulikwenda foyer, nyumba ya mafunzo ya wanawake, tukashona, tukafundishwa kupiga mayai na kupima unga kwa kikombe. Kule ndiko nilikoonja kakao kwa mara ya kwanza. Nilipoitazama rangi yake, rangi ile ya udongo wa mvua, nikajua kwamba ndani yake unaweza kuficha chochote.

Tantine wangu, mdogo wa mama yangu, alikuwa ameolewa na mvuvi huko Barumbu. Alikuja na mashua kila baada ya wiki chache kuuza samaki wa moshi. Barumbu kakao ilikuwa imejaa, lakini watu walikausha mbegu, wakazifunga kwenye magunia, zikaenda zao ng'ambo, hakuna aliyezila. Nilipomwomba kikapu cha mbegu alinitazama kama mtu aliyepatwa na homa. "Utafanya nazo nini, mwanangu? Zile iko chungu hata panya anakataa." Lakini alileta. Nilizikaanga kwenye sufuria kavu mpaka ganda likapasuka, nikalipepeta likatoka, nikasaga kokwa kwenye jiwe, zikatoa mafuta, zikawa uji mweusi unaong'aa. Nyumba nzima ilinukia. Mume wangu akaita kutoka barazani kuuliza kuna nini.

"Keki," nikajibu. "Pumzika tu."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wake za wanangu wanapokosea. Pumba si makapi. Makapi ni ya twanga ya kwanza, yanakwaruza koo, hayo tupa. Unataka zile za twanga ya pili, laini, zenye rangi ya majani makavu, unazichekecha mpaka zianguke kama poda. Na uzitumie siku hiyo hiyo. Katika joto letu pumba za jana zinaanza kunuka mafuta mabaya, na hakuna kakao itakayoficha harufu hiyo. Kwa hiyo nilitwanga kila asubuhi. Vikombe viwili vya pumba, kimoja cha unga wa ngano, ndizi mbivu tatu zilizopondwa mahali pa sukari, mayai mawili ya bata, mafuta ya karanga kidogo, na kakao mpaka rangi inyamazishe maswali. Tanuri sikuwa nalo. Nilitia mchanga kwenye sufuria kubwa, nikaiweka juu ya mbabula, lile jiko letu la makala, nikapanga juu ya mchanga mikebe ya maziwa niliyokatiwa na fundi bati, nikafunika na kipande cha chuma, nikarundika makala ya moto juu yake. Moto chini, moto juu. Sikuwahi kuunguza hata kimoja.

Vikeki vya kwanza niliviumua na bikarbonati, magadi ya kuokea, kama foyer walivyotufundisha. Vilipanda vikapasuka juu, vizuri kabisa. Mume wangu alikula vinne. Akafuta vidole kwa kitambaa, akasema, "Hii ndiyo chakula." Mimi nikaingia jikoni, nikaficha uso ukutani nikacheka mpaka machozi.

Basi alikula kila siku, wiki mbili nzima, nami nikingoja. Muundi ulibonyea vile vile. Ganzi ikapanda mpaka juu ya magoti. Asubuhi moja alishindwa kushika kalamu sawasawa, na mwandiko ule wa kutazamwa ukatoka umepinda. Aliikunja ile karatasi akaiweka mfukoni. Nilimfuata muuguzi kwake kwa miguu, mtoto mgongoni, nikamwambia kwamba pumba zake ni uongo.

Akaniuliza ninazipika vipi. Nikamweleza yote kwa kujiamini, hatua kwa hatua, mpaka nikafika kwenye bikarbonati. Hapo akafumba macho.

"Unatia bikarbonati, halafu unachoma na moto?"

"Ndiyo. Zinapanda sana."

"Mama, bikarbonati na moto vinaua ile dawa. Alors, basi, unamupa pumba zimekufa. Tafuta chachu."

Sikuwa na chachu ya waokaji. Lakini malafu, pombe ya mchikichi, ilikuwa kila mahali, na chini ya kila kibuyu hubaki mashapo mazito meupe yanayochemka yenyewe. Nikaanza kumwendea mgema kila asubuhi kuomba mashapo. Mtaa ukasema mke wa karani ameanza kunywa. Niliwaacha waseme. Siku ya kwanza keki zilitoka bapa kama soli za kiatu. Ya pili zilichacha mno. Ya tatu nikajua: unga uchanganywe asubuhi, ukae kivulini chini ya kitambaa kibichi mpaka saa tisa, ndizi iongezwe moja, na moto wa juu upunguzwe. Zikapanda taratibu, bila kupasuka, na ndani zilikuwa na unyevu. Tangu siku ile sijabadilisha kitu.

Siku ya nane ya keki hizo mume wangu alisema anasikia baridi ya sakafu. Nilikuwa nafagia, nikaacha kufagia. "Unasikia?" "Nasikia." Siku ya kumi na mbili alisimama akishika nguzo ya baraza. Wiki ya tatu alitembea mpaka kwenye mlango wa ua, mkono wake begani kwangu, na mkono ule ulikuwa mwepesi kidogo kuliko juzi yake. Makarani wawili wa ofisini walikuja kumwona Jumapili, akawaamuru wale keki. Akawapa somo. "Wazungu si wajinga," akawaambia. "Wanakula kakao kwa sababu iko na nguvu. Mimi ni shahidi." Wale wakala, wakaitika, wakaomba nyingine. Mimi nilikuwa nimesimama na birika la chai, nimeuma midomo.

Tantine akaja siku chache baadaye na samaki wake. Habari za pumba alizijua, ila sikuwa nimemwambia kwamba ni siri. Sikufikiri kwamba ingehitajika. Alikaa karibu na mume wangu barazani, akamtazama miguu, akapiga makofi polepole kwa furaha.

"Kweli, papa, pumba zimekusaidia. Na sisi kule tunawapa nguruwe tu."

Mume wangu alikuwa na nusu ya kikeki mkononi. Alikiangalia. Akakiweka kwenye kisahani, akasukuma kisahani mbali, akatafuta leso akajifuta mdomo. Tantine alinigeukia kuuliza amesema nini kibaya.

Hakula tena. Si keki, si wali wangu. Alikula mkate mweupe na chai. Sikumlaumu siku ya kwanza, maana nilijua alikuwa anawaza wale makarani wawili na somo lake lote la kakao. Siku ya pili nikaanza kuchoka. Siku ya nne alisema neno moja tu: "Ulinidanganya ndani ya kinywa changu." Kufikia mwisho wa wiki ya pili aliposimama alitafuta ukuta kwa mkono, na akarudi kusema kwamba haoni tofauti kati ya sakafu na mkeka.

Nilikuwa nimeshika birika. Nililiweka chini, kwa bahati yake.

"Ndiyo, nilikudanganya," nikamwambia. "Nilikudanganya mara mbili. Mara ya kwanza nilikupa wali mweupe nikakuambia ni chakula. Hiyo hukuiuliza. Hiyo uliisifia mbele ya watu. Miaka yote hii nilikuwa natwanga miguu yako na kuimwaga uani, ili wanawake wapite waone sufuria yangu. Sasa nataka kukurudishia, unaniambia habari ya mabata. Unataka kufa kwa ajili ya wale makarani wawili? Kufa. Lakini mimi nitabaki hapa na mtoto, nikijua ni mikono yangu." Nikamwonyesha mikono yenyewe. Nililia, na nilikasirika kwamba nalia.

Nilikwenda kulala kwa mtoto.

Asubuhi nilitwanga kama kawaida. Sijui kwa nini. Hapakuwa na mtu wa kula. Jiko letu lilikuwa kibanda cha peke yake nyuma ya ua, na mwanamume wa cheo chake hakuingia humo, hata kuomba moto wa sigara alituma mtu. Nilikuwa nimeinamia ungo, nachekecha, niliposikia miguu inaburuzwa. Nikageuka. Alikuwa ametoka mlangoni peke yake, ndani ya shati lake jeupe, na hapo katikati ya ua hapakuwa na ukuta wala nguzo ya kushika. Nikainuka nimkimbilie. Akanyanyua kiganja: kaa. Nikakaa. Alisimama pale muda mrefu akitazama vidole vya miguu yake, akivipa amri, kisha akatupa mguu mmoja, akausubiri, akatupa wa pili. Ngazi za ofisi alikuja kuzipanda tena kabla mtoto hajaanza kutembea, na watu walimpongeza, lakini mimi ngazi zile sikuziona. Nilichokiona ni ua ule.

Alifika. Akainama chini ya mlango wangu mfupi, akajishusha kwenye kibao changu, jasho likimtoka. Hakuniangalia. Alitia mkono kwenye ungo, akachota pumba zile mbichi, kiganja kizima, bila ndizi, bila kakao, bila moto, akazitia mdomoni. Zilimganda kooni, akakohoa, unga ukaruka juu ya shati. Akatafuna mpaka akameza.

"Bila kakao iko mubaya sana," akasema.

Kisha akachota kiganja kingine.